NAMNA WATENGENEZAJI WA FILME WANAVYOKOMAA: KAZI YA REZIDANSI



Kila mara filme inapoonyeshwa katika refektwari siku ya posho, ulizo linarudi lile lile: huyu aliyeitengeneza alisoma wapi? Wengi wanafikiri ya kwamba inaomba kwanza shule kubwa ya Ulaya na makuta mengi, la sivyo mtu asijaribu. Sisi wa darasa la sita tumetafuta jibu, nalo lilitushangaza kidogo. Wengi kati ya wale wenye kusifiwa leo hawakumaliza shule yoyote ya sinema. Walikaa majuma machache, ama miezi michache, pamoja na watu waliowatangulia katika kazi. Makao ya namna hiyo yanaitwa rezidansi. Wengine wanasema maabara, juu mtu anakwenda kule kujaribu vitu.

Tueleze vizuri. Kwetu kila mtu anajua namna kijana anavyojifunza kushona. Anakaa kwa fundi, anafagia, anatia uzi katika sindano, anashona vifungo, na kisha siku nyingi fundi anamwachia mkasi. Nguo zote ni za fundi. Katika rezidansi mambo yanageuka. Kijana anafika na nguo yake mwenyewe, iliyokatwa nusu, na fundi njo anakuja kukaa kando yake. Fundi hashiki mkasi. Anauliza tu: hii mkono umeikata hivi kwa sababu gani? Na mwenye nguo hawezi kujibu "sijui", ama akijibu hivyo, usiku hatalala.

Rezidansi yenye kujulikana zaidi ilianza katika mwaka 1981 katika milima ya Utah, Marekani. Mchezaji wa sinema Robert Redford, aliyefariki mwaka 2025, aliona ya kwamba makampuni makubwa ya Hollywood hayana nafasi kwa mtu mwenye hadithi yake ndogo ya kweli. Akaanzisha Taasisi ya Sundance. Kule vijana wanaletwa na senario zao. Wanapewa wachezaji, kamera na watu wachache wa kuwasaidia, wanapiga sehemu chache za filme, wanaziunganisha, wanazionyesha mbele ya wakubwa wa kazi. Sehemu hizo haziingii katika filme ya mwisho. Hapo njo akili ya jambo hili iko: kijana ana ruhusa ya kuharibu. Anayetengeneza filme yake ya kwanza kwa makuta ya kuazima hana ruhusa hiyo. Kila saa ya kamera ni deni.

Katika mwaka 1991 alifika kule kijana mmoja, Quentin Tarantino, aliyekuwa ameuza na kukodisha kaseti za video katika duka moja la California. Alileta senario ya Reservoir Dogs. Yeye mwenyewe amesimulia ya kwamba kikundi cha kwanza cha wakubwa hakikupenda hata kidogo namna alivyoacha kamera itazame kwa muda mrefu bila kukata. Kisha kikundi kingine kikaja, na ndani yake Terry Gilliam, nao wakasifu kitu kile kile. Kijana afanye nini sasa? Sisi tunaona ya kuwa hapo alipata faida kuliko masifu yote: alijua kwamba wakubwa pia hawapatani, na kwamba mwisho ni yeye atakayejibu juu ya filme yake. Ikatoka mwaka 1992. Miaka ishirini baadaye, katika mwaka 2012, Ryan Coogler alipitia pale pale na senario ya Fruitvale Station, naye leo anajulikana pande zote.

Rezidansi zote haziko sawasawa. Ile ya Festivali ya Cannes, iliyoanza mwaka 2000, iko Paris, na kule hawapigi picha. Wanaandika. Wageni wachache kwa mara moja wanakaa katika nyumba moja muda wa miezi minne na nusu, kila mtu na senario yake ya filme ndefu ya kwanza ama ya pili. Nadine Labaki wa Lebanoni aliandikia kule Caramel, hadithi ya wanawake katika saluni ya nywele mjini Beirut, iliyotoka mwaka 2007. Mtu atasema: kuandika tu, si angeandikia kwake? Lakini ninyi wenye kutafuta kusoma usiku nyumbani, na mtoto analia, na moto umekatika, na mama anakutuma maji, munajua jibu.

Karibu na kwetu iko Maisha, jina la Kiswahili kabisa, iliyoanzishwa Kampala na Mira Nair katika mwaka 2004. Mama huyu ni mzaliwa wa India. Alipiga sehemu ya filme yake Mississippi Masala (1991) kule Uganda, na Kampala ikawa kwake. Aliita vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wenye senario fupi, akawaletea wafundi wa kuandika, wa kamera, wa sauti na wa montaji. Tunapenda hasa hili la sauti. Katika filme nyingi za vijana wenzetu zinazopigwa na telefone picha ni nzuri, na maneno hayasikiki juu ya upepo.

Sasa tufike Kongo, na hapa tutakawia.

Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani katika mwaka 1984. Alisoma mambo ya uganga kwanza. Kisha akaingia katika mafunzo mafupi ya filme za ukweli, zile ambazo hazina wachezaji. Kinshasa, Djo Tunda Wa Munga na mwenzake wa Afrika ya Kusini, Steven Markovitz, walikuwa wamefungua kazi ya kufundisha vijana kwa kuwaachia watengeneze filme zao wenyewe. Matunda yake ni Congo in Four Acts, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2010. Hamadi na Divita Wa Lusala walipiga sehemu moja katika maternite ya Kinshasa: mama amezaa vizuri, mtoto ni muzima, lakini hawatoki, juu bili haijalipwa. Anabembeleza, anatoa hereni zake, anangoja. Hakuna sauti ya kueleza. Mtazamaji anakaa naye tu katika kungoja.

Tazameni sasa hatua iliyofuata. Katika mwaka 2014 Hamadi, aliyekwisha kukomaa, alitoa Examen d'État. Hiyo inatugusa sisi finalisti mpaka kwenye mifupa! Wanafunzi wa Kisangani wanafukuzwa darasani kwa kukosa makuta ya prime ya walimu. Wanakodi nyumba, wanaiita maki, wanasoma pamoja, wengine wanaomba Mungu, wengine wanatafuta njia za mkato, na siku ya egzame inakaribia. Aliwafuata siku kwa siku. Hakuwahukumu na hakuwasifu. Baba mmoja akitazama anaweza kukasirikia wanafunzi, mwingine akakasirikia serikali. Filme inawaacha wote wawili wabishane. Mtu hazaliwi na uvumilivu wa namna ile wa kushika kamera na kunyamaza. Unafundishwa, na unafundishwa vizuri wakati mkubwa wa kazi anapotazama picha zako na kuuliza: mbona ulikata hapa, wakati huyu mtu alikuwa bado hajamaliza kulia?

Kisha zikaja Maman Colonelle (2017) na En route pour le milliard (2020), juu ya watu waliopoteza mikono na miguu katika vita ya siku sita ya Kisangani, mwezi wa sita 2000, wanaoshuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Cannes iliichagua mwaka ule, hata kama festivali yenyewe haikufanyika kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Huko Goma pia, kituo Yole!Africa cha Petna Ndaliko Katondolo kimefundisha vijana wengi kushika kamera, katika mji ambao wageni walizoea kuupiga picha wao tu.

Hatusemi ya kwamba yote ni asali. Nafasi ni chache sana, na wanaoomba ni wengi. Karatasi zinaombwa kwa Kifaransa ama Kiingereza, na kijana mwenye hadithi ya Kiswahili anaipoteza nusu njiani. Viza ni mlima mwingine. Tena makuta yanatoka mbali, na mwenye makuta mara nyingine anapenda Afrika ya machozi tu. Mwalimu mmoja wetu anasema afazali kukosa rezidansi kuliko kugeuza hadithi ya mama yako ili imfurahishe mgeni. Wengine kati yetu wanamjibu: uende kwanza, ubishane nao kule kule, kama Tarantino. Tulibishana juu ya hili mpaka kengele ya kulala.

Kitu kimoja kiko wazi. Karibu pote wanaomba vitu vile vile: hadithi kwa ukurasa mmoja, sehemu chache za senario, barua ya kueleza kwa nini ni wewe unayepaswa kuisimulia, na kazi ndogo uliyokwisha kutengeneza, hata ya dakika tano, hata ya telefone. Ukurasa ule mmoja njo unaowaangusha wengi. Profesa wetu wa Kifaransa amekubali kusoma kurasa za wanafunzi wa tano na wa sita, Kiswahili ama Kifaransa, na atauliza tu, hatasahihisha. Muzilete kwa doyen kabla ya kuanza majaribio ya mwezi wa nne, na jina lenu liwe upande wa nyuma.