Kuoga Mlio wa Upatu: Je, ni Tiba?

Mwezi huu tuzungumzie sauti. Huko Ulaya na Marekani watu wenye uchovu wa akili hulipa fedha ili wapigiwe upatu, na habari hizo zimewafikia wengi wetu kwa njia ya simu. Mama mmoja katika kliniki yetu ya presha aliniuliza, "Sista, nikipata upatu huo, si nitaweza kuacha vidonge?" Swali hilo lastahili jibu kamili.

Upatu watu wa pwani wanaujua: ni sahani ya shaba inayopigwa kwenye ngoma na harusi. (Mchezo wa kupeana fedha kwa zamu ni upatu mwingine.) Huu wa kutuliza akili ni mkubwa, wakati mwingine kuliko ungo, nao asili yake ni Asia, katika nchi kama China na Indonesia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulianza kutumika Marekani pamoja na mafunzo ya yoga. Wenyewe husema ni "kuoga", ingawa hakuna maji wala anayevua nguo. Watu hulala chali juu ya mikeka, wamejifunika blanketi na kufumba macho, na mpigaji huupiga upatu polepole kwa rungu lenye kichwa laini kwa muda wa saa moja hivi. Wengine hutumia bakuli za shaba.

Je, husaidia? Mwaka 2017 ulitolewa utafiti uliofanywa California kwa watu 62 waliopigiwa bakuli hizo. Baada ya kipindi walisema wasiwasi, hasira na uchovu vimepungua. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kundi la pili lililolala tu bila bakuli. Mama wa watoto sita akiachwa alale saa nzima pasipo kuitwa na mtu, naye ataamka na nafuu! Ushahidi wa muziki wa kawaida una nguvu zaidi. Mwaka 2015 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio zaidi ya 70 juu ya watu wazima waliofanyiwa upasuaji. Waliosikiliza muziki walikuwa na maumivu na wasiwasi kidogo kuliko wenzao, nao walihitaji dawa chache zaidi za kutuliza maumivu.

Sababu yake si uchawi. Mwili una mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Mingine hutuandaa kukimbia au kupigana: moyo hudunda upesi na damu husukumwa kwa nguvu. Mingine hupunguza mwendo, hasa tunapotoa pumzi taratibu. Anayelala akifuata kwa sikio mlio mrefu unaofifia, mara nyingi hupumua polepole pia.

Hapa pana jambo litakalowafurahisha wanaosali Rozari. Mwaka 2001 daktari Luciano Bernardi na wenzake walichapisha vipimo vya watu 23 wenye afya. Watu hao waliposali Salamu Maria kwa Kilatini, na vilevile walipotamka maneno ya kurudiarudia ya wanayoga, pumzi zao zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Kwa mwendo huo wa polepole, mfumo wa mwili unaorekebisha presha ulifanya kazi vizuri zaidi. Mashine hazikupima imani ya mtu. Zilipima pumzi na moyo. Salamu Maria moja ilichukua sekunde 10 hivi, mmoja akianza na mwingine akipokea. Basi wale wanaoikimbiza Rozari kana kwamba basi linawaacha, faida hiyo ya pumzi hawaipati.

Sasa nirudi kwenye vidonge. Jibu langu kwa yule mama lilikuwa hapana. Presha ya kupanda, yaani 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, mara nyingi haina dalili. Mgonjwa hujisikia vizuri, hasa akiwa ametoka kupumzika, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiendelea kuharibika. Tunawapokea wodini watu waliopata kiharusi baada ya kuacha dawa kwa sababu "walijisikia wazima", na ndugu zao ndio wanaowageuza kitandani usiku. Anayetaka kupunguziwa vidonge amwone daktari, aende na daftari lake la vipimo. Na anayekuahidi kwamba mlio huyeyusha uvimbe au kuponya kisukari, muulize alipima kwa kitu gani.

Aidha, upatu wenyewe si wa kila mtu. Mwenye kifafa, mwenye mlio usiokoma masikioni, au aliyepitia vita na mambo ya kutisha, apate ushauri kwanza. Ukipigwa kwa nguvu karibu na sikio unaweza kudhuru usikivu, kwa hiyo watoto wachanga wasiwekwe karibu.

Nyumbani hatuna haja ya shaba. Mama anayembembeleza mtoto kwa kuvumisha sauti, mdomo umefungwa, hutoa pumzi ndefu naye mwenyewe. Jaribu hivyo dakika 10 jioni, umeketi, redio imezimwa. Hata kimya kina kazi yake: katika utafiti mwingine wa Bernardi, wa mwaka 2006, watu 24 walisikilizishwa muziki wa aina mbalimbali, na ulipokatizwa kwa dakika 2, mapigo ya moyo na presha vilishuka chini ya pale walipoanzia.

Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alitenga sura nzima kwa ajili ya kelele. Alikemea hasa minong'ono karibu na mgonjwa, kwa kuwa humfanya atege sikio na kujiuliza anasemwa nini. Nasi wodini tunaomba vivyo hivyo: mnapokuja kuona wagonjwa, zimeni milio ya simu, na mwenye habari za kunong'onezana atoke nje kabisa, hadi chini ya mwembe.