Mfundishe Mwanao Kutoa Pasi

Jumapili moja jioni aliletwa hospitalini kwetu mtoto wa miaka 11, amebebwa mgongoni na kaka yake. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba. Baba yake alikuja nyuma amekasirika. "Mpira basi," alisema. "Hachezi tena mpaka amalize shule."

Nilimwuliza mtoto ilikuwaje. Akajibu kwamba aliwapiga chenga wawili, wa tatu akamkwatua.

"Na wenzako walikuwa wapi?"

"Walikuwa wananiita, Sista, lakini mimi nilikuwa natazama mpira tu."

Hapo nilimwomba baba asimkataze mpira, bali amfundishe kutoa pasi. Leo nawaeleza nanyi kwa nini.

Mtoto anayekaa na mpira muda mrefu huzungukwa na miguu ya wenzake. Anayetoa pasi mapema, mpira humwondoka kabla ya teke kufika. Tena mifupa ya watoto haijakomaa. Karibu na ncha zake kuna sehemu laini ambapo mfupa hurefukia. Sehemu hiyo ikiumia vibaya, mguu unaweza kukua umepinda au kuwa mfupi kuliko mwenzake.

Namna ya kumfundisha

1. Mpira uwe saizi yake. Mpira wa watu wazima ni namba 5, wenye gramu 410 hadi 450. Wa miaka 8 hadi 12 wanafaa namba 4, wenye gramu 350 hadi 390. Wadogo zaidi wapewe namba 3. Mpira wa matambara nao unafaa, maana haurukiruki.

2. Atazame kwanza. Kabla mpira haujamfikia, ainue kichwa aone mwenzake yuko wapi.

3. Mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, kama shubiri moja hivi, vidole vikielekea anakopeleka pasi. Goti likunjwe kidogo.

4. Apige kwa upande wa ndani wa mguu, kati ya kisigino na kidole gumba. Kifundo kikazwe, kisilegee. Apige katikati ya mpira ili utambae chini. Wengi hupiga kwa ncha ya kidole, na wanaocheza pekupeku hutuletea kucha zilizong'oka na vidole vilivyovunjika.

5. Anayepokea aurudishe mguu nyuma kidogo mpira unapogusa, ili utulie mbele yake.

Waanze wawili wawili, hatua 5 kutoka mmoja hadi mwingine. Wapigiane pasi 10 kwa mguu wa kulia na 10 kwa wa kushoto. Wakizoea, wanne wasimame kwa duara na mmoja akae katikati akijaribu kuunasa mpira. Wa nje waruhusiwe kuugusa mara mbili tu, halafu watoe. Anayepoteza mpira huingia katikati. Kwa wanaoanza, dakika 20 za zoezi hili zatosha. Wapumzike kivulini na kunywa maji.

Pasi za kichwa zisubiri. Uingereza, mwaka 2020, chama cha mpira kilitoa mwongozo kwamba watoto wa shule za msingi wasifanyishwe mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa. Mtoto akigongwa kichwani, kisha akapata kizunguzungu, akatapika au akaongea ovyo, aache kucheza na apelekwe hospitali mara moja.

Akiumia kifundo

Apumzike. Mwekee kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20, na urudie baada ya saa chache. Funga bandeji isiyobana sana na uinue mguu juu ya mto. Siku 2 za kwanza usimchue wala usimkande kwa maji ya moto, kwani uvimbe utazidi. Akishindwa kupiga hatua 4, au mguu ukionekana umepinda, mlete hospitali apigwe picha. Kama ana jeraha, lioshe kwa maji safi na sabuni, kisha uulize kituoni kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika.

Yule mtoto hakuvunjika, kano zilikuwa zimevutika tu. Baada ya majuma kadhaa alirudi na baba yake kuangaliwa, anatembea vizuri. Baba aliniambia kuwa jioni wanapigiana pasi uani, polepole. "Tatizo ni mguu wa kushoto," alisema.

"Wa mtoto?" nikauliza.

"Hapana, Sista. Wangu."

Wazazi, msiwanyang'anye watoto mpira. Tokeni nao uani, hata kwa robo saa, mkawafundishe kumtazama mwenzao na kumpa mpira.