Agizo Hutangulia, Mzigo Hufuata

Ndugu mkulima, wajua safari ya chungwa la Shimba Hills. Mchuuzi huja na lori mpaka shambani, hulinunua kwa kukisia kwa macho, huvuka Likoni, na humwuzia dalali wa soko la Kongowea. Tena huenda chungwa lile lile likanunuliwa Kongowea na hoteli ya Diani, likarudi kusini. Nauli za safari hizo hutoka wapi? Sehemu yake hutoka katika bei yako.

Siku hizi iko njia nyingine. Mnunuzi huagiza kwa simu au kwa intaneti, na fedha hupitia M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Kampuni ya Twiga Foods, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilianza Nairobi kwa ndizi. Wenye vibanda waliagiza kwa simu, nayo kampuni ikajumlisha maagizo yao na kununua kwa wakulima. Zamani mzigo ulitangulia, ndipo mnunuzi akatafutwa. Sasa agizo hutangulia.

Lakini usidhani kazi ya dalali imekufa. Kuchagua, kupima na kutimiza siku kumehamia kwako, maana mnunuzi wa simu halioni tunda lako. Yeye husoma tu uzito, ukubwa na siku uliyoahidi. Basi fanya hivi:

1. Pima kwa mizani, usikisie kwa gunia.

2. Tenga makubwa na madogo. Moja lililooza chini ya kreti laweza kurudisha mzigo wote.

3. Usiahidi peke yako. Mwenye hoteli akitaka kreti 20 kila Jumanne, shamba moja halitoshi. Jiungeni majirani, na mmoja wenu apokee maagizo na kuyaandika katika daftari.

4. Ukiambiwa umelipwa, tazama salio katika simu yako mwenyewe kabla ya kuachilia mzigo. Namba yako ya siri usimpe mtu.

5. Nawe ukiwa mnunuzi, angalia vilevile. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa ina kibandiko cha KEPHIS. Kikwangue, kisha tuma namba iliyomo kwenda 1393, nawe utajibiwa kama mbegu ni halali.

Jambo la mwisho ni kubwa. Kampuni ya Copia iliuza bidhaa vijijini kwa maagizo yaliyopitia wenye maduka. Ilikuwa na wateja wengi, lakini mwezi Mei 2024 ilishindwa na gharama, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Kwa hiyo usitoe mzigo wa pili kabla ya kulipwa wa kwanza, wala usimfukuze mchuuzi wako wa zamani. Mwenye wanunuzi wawili halali njaa mmoja akianguka.

Ukitaka shauri zaidi, mwone Bwana au Bibi Shamba wa wadi yako.