Maji ya Betri: Kuutambua Ukali wa Asidi Kabla ya Kuinunua

Katika maduka mengi ya vipuri vya magari, jina moja la "maji ya betri" hutumika kwa vimiminika viwili visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza ni maji matupu yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa ili yasibaki na chumvi. Cha pili ni asidi ya salfuriki. Vyote viwili havina rangi, na vyote huuzwa katika chupa za plastiki, pengine zile zile zilizowahi kutiwa maji ya kunywa. Mnunuzi akikosea huharibu betri yake. Mtoto akikosea huungua kinywa na koo. Kwa sababu hiyo tunamshauri mnunuzi asitosheke na jina, bali aulize namba: humu ndani mna asilimia ngapi ya asidi?

Aina ya asidi na ukolezi wake

Katika mazungumzo ya kawaida neno "kali" hubeba maana mbili. Kwa wanakemia, asidi ya salfuriki ni kali kwa asili yake, na ile iliyomo katika siki ni hafifu kwa asili yake. Jambo la pili ni ukolezi, yaani wingi wa asidi katika maji yaliyoichanganya, kama vile chai ya majani yale yale inavyoweza kuwa nyepesi au kukolea. Asidi ya salfuriki iliyozimuliwa sana huwasha ngozi, iliyokolea huiunguza. Kipimo cha pH, ambacho wengi wamekisikia, hakimfai mnunuzi hapa, kwa kuwa asidi ya betri na ile iliyokolea kupita kiasi zote huangukia mwisho kabisa wa kipimo hicho.

Asilimia zinazoandikwa kwenye lebo kwa kawaida ni za uzito, na jambo hili huwapotosha wengi. Lita moja ya asidi ya betri yenye asilimia 37 ina uzito wa kilo 1.28 hivi, na ndani yake mna takriban gramu 470 za asidi halisi. Lita moja ya asidi yenye asilimia 98 ina uzito wa kilo 1.84, na asidi halisi iliyomo hufikia kilo 1.8. Kwa hiyo chupa ya pili imebeba karibu mara nne ya chupa ya kwanza, ingawa namba za lebo hazionyeshi tofauti kubwa kiasi hicho. Tena tabia yake ni nyingine kabisa. Asidi iliyokolea hivyo huvuta maji kwa pupa, na huyanyonya hata kutoka katika vitu visivyoonekana kuwa na maji: sukari hugeuka makaa meusi, na karatasi, mbao na pamba huungua bila moto. Ngozi na jicho havisalimiki.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya mpaka umewekwa kwenye asilimia 15. Tangu tarehe 1 Februari 2021 mwananchi wa kawaida huko hawezi kununua asidi ya salfuriki inayozidi kiwango hicho bila leseni, na lengo kubwa lilikuwa kuzuia utengenezaji wa vilipuzi. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 humtaka mfanyabiashara wa kemikali asajiliwe. Mnunuzi ana haki ya kumwuliza muuzaji kuhusu usajili huo.

Asidi iliyomo ndani ya betri

Betri ya gari ya volti 12, au ile ya sola inayowekwa sebuleni, ina bamba za risasi zilizozama katika asidi. Betri ikiwa imejaa chaji, asidi hiyo huwa ya asilimia 35 hadi 38. Mafundi hawapimi asilimia. Hutumia haidromita, kifaa cha kioo chenye boya linaloonyesha uzito wa asidi ukilinganishwa na maji. Maji husoma 1.00. Betri iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280, iliyofika nusu husoma 1.19 hivi, na iliyokwisha chaji husoma karibu 1.12. Katika nchi za joto baadhi ya watengenezaji hutia asidi nyepesi kidogo ili betri idumu, kwa hiyo mnunuzi asome kwanza maelekezo yaliyokuja na betri yake.

Usomaji ukishuka, haimaanishi kwamba asidi imepotea. Betri inapotoa umeme, sehemu ya asidi hujishikiza kwenye bamba na kuacha maji, ikichajiwa, hurudi. Kinachopungua kwa joto na kwa kuchaji ni maji peke yake. Basi kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa, isipokuwa kama asidi yenyewe ilimwagika. Tunalisisitiza hili kwa kuwa zipo gereji ambazo betri dhaifu "hufufuliwa" kwa kuongezwa asidi. Haidromita hupanda, mteja hufurahi kwa siku chache, kisha bamba huliwa na betri hufa mapema kuliko ambavyo ingekufa. Huo si ufundi, na mteja ana sababu ya kukataa kuulipia.

Betri iliyokufa nayo haijawa salama. Usomaji wa 1.12 ni sawa na asilimia 17 hivi, juu ya mpaka ule wa Ulaya tulioutaja. Tena asidi haikauki kama maji. Tone likidondokea suruali, maji yake hupotea hewani na asidi hubaki ikizidi kukolea katika uzi. Mafundi wanalijua hili vizuri: nguo huonekana nzima jioni, na matundu hujitokeza inapofuliwa.

Bidhaa za nyumbani

Baadhi ya dawa za kuzibulia mabomba na sinki zina asidi ya salfuriki ya asilimia 90 na zaidi, yaani imekolea kuliko ya betri kwa mbali. Nyingine hazina asidi kabisa, bali zina kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni. Kwa macho mnunuzi hawezi kuzitofautisha kwa uhakika, na kumimina moja baada ya nyingine kuleta matumaini ya haraka huzua joto kali linaloweza kurusha mchanganyiko usoni. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi ya aina nyingine, ya haidrokloriki. Hizo zisikutane na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa kuwa gesi inayotoka hudhuru mapafu.

Kwenye lebo tafuta jina la asidi, alama H₂SO₄ au namba 7664-93-9, ambayo ni utambulisho wa asidi ya salfuriki duniani kote, pamoja na asilimia. Chupa isiyo na lebo isinunuliwe, hata kama muuzaji ni jirani.

Kuzimua asidi nyumbani hatukushauri. Anayelazimika kwa kazi yake ajue kuwa asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya asidi huelea kwa wepesi wake, huchemka papo hapo na kuirusha asidi.

Kanuni hiyo imewafanya wengine waogope kumwoshea majeruhi kwa maji. Wasiogope. Maji mengi yanayotiririka huichukua asidi pamoja na joto lake. Kitambaa chenye unyevu au kikombe kimoja havitoshi. Vua nguo zilizolowa, osha ngozi kwa dakika zisizopungua 20, na kama ni jicho, shikilia kope wazi wakati maji yanapita. Magadi ni ya kumwagia sakafu, siyo ngozi. Aliyemeza asidi asukutue kinywa na asitapishwe, kwa maana asidi huunguza tena inaporudi. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ipelekwe pamoja naye, kwani tabibu atahitaji kujua asilimia iliyoandikwa.