Mzungu Aliyetua na Mji Uliompokea

Miongoni mwa picha za ukutani zimo zile zinazoonyesha wapelelezi, yaani mabaharia na wasafiri wa Ulaya waliotafuta njia na nchi ngeni, wakitua katika fukwe za watu wengine. Mpangilio wake hautofautiani sana: mgeni husimama katikati, mwanga humwangukia yeye, na wenyeji huwekwa pembeni wakiwa wameduwaa. Nyingi zilichorwa kwa rangi ya mafuta juu ya turubai, kitambaa kizito kinachowambwa kwenye fremu ya mbao, tena karne kadhaa baada ya tukio lenyewe. José Veloso Salgado, kwa mfano, alichora picha yake ya baharia Mreno Vasco da Gama mbele ya mtawala wa Calicut, India, mwaka 1898, Ureno ilipokuwa ikiadhimisha miaka 400 ya safari ya baharia huyo.

Katika mwambao wa Waswahili, maandishi ya wageni wenyewe hayakubaliani na picha za namna hiyo. Shajara ya safari ya da Gama inaeleza kwamba alipofika Malindi mwezi Aprili 1498 alikataa kushuka nchi kavu, akaonana na mfalme juu ya maji, kisha akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Unguja aliipita tu, Januari 1499, akiwa njiani kurejea kwao. Mreno aliyekuja Unguja kwa nguvu ni Ruy Lourenço Ravasco, ambaye mwaka 1503 alikamata vyombo vya wenyeji baharini na kumtoza mtawala kodi ya miskali 100 za dhahabu kwa mwaka, miskali ikiwa kipimo cha uzito wa dhahabu katika biashara ya Bahari ya Hindi.

Karne ya 19 ndiyo inayompa mchoraji mengi zaidi. Wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Unguja Desemba 1856, miezi miwili baada ya mtawala wake, Sayyid Said bin Sultan, kufariki dunia safarini baharini. David Livingstone alifika Januari 1866 katika meli ya moshi Thule, iliyokuwa zawadi ya serikali ya Bombay kwa Sultan Majid, na Sultan ndiye aliyempa nyumba ya kukaa. Henry Morton Stanley alishuka tarehe 6 Januari 1871, akakaa karibu mwezi mzima akijiandaa, kwa sababu sarafu zake hazikuwa na kazi bara na hakujua cha kuchukua badala yake. Ilimbidi awaulize wafanyabiashara wa mjini ni shanga za rangi gani zinazokubalika katika nchi ipi, achukue waya kiasi gani, na majora mangapi ya marekani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichopewa jina hilo kwa kuwa kililetwa na meli za Marekani, hasa kutoka bandari ya Salem. Aidha, alimwajiri Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kupelekwa India utumwani, akapata uhuru, akarejea Afrika na kuongozana na Speke hadi kwenye maziwa makuu kabla Stanley hajaijua njia. Mtu huyo anastahili kuwa katikati ya turubai. Wala picha ya haki haiwezi kuuficha uovu wa mji wenyewe, kwani Livingstone na Stanley walitua wakati soko la watumwa lilikuwa bado wazi, na halikufungwa hadi mwaka 1873.

Leo, katika Mtaa wa Gizenga wa Mji Mkongwe, Unguja, na vichochoro vinavyouzunguka, picha za turubai hutundikwa nje ya maduka kutoka dirishani hadi karibu na ardhi. Kitambaa cha pamba hupigiliwa misumari midogo kwenye fremu, hupakwa rangi nyeupe ya kuziba vitundu vya nyuzi, kisha mchoraji hupaka rangi kwa brashi au kuitandaza kwa kisu chembamba. Mgeni akishanunua, kitambaa hubanduliwa na kuviringishwa kiingie sandukuni. Hata mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya vibao, umehamia kwenye kitambaa kwa sababu hiyo. Ufundi upo, na ni ufundi wa kweli. Lakini milango ya nakshi, majahazi, wanawake wenye mabuibui na Wamasai waliosimama mstari hurudiwa duka baada ya duka, na historia ya pwani hiyo hiyo huachiwa michoro ya vitabu vya Ulaya.

Nyumba ya Livingstone ingali imesimama Kinazini, na ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyewasaidia wapelelezi huko bara, iko Shangani, kwa hiyo mchoraji hakosi mahali pa kuanzia. Wenye hoteli za Mji Mkongwe wanaotafuta picha za kumbi zao wawaagize wachoraji wa hapa wauchore ujio wa wageni kama ulivyoonekana kutoka ufukweni, wakiwemo hamali, karani wa forodha, mwenye duka la shanga na Bombay mwenyewe, na wawalipe bei inayolingana na kazi ya utafiti, si bei ya zawadi ya mtalii.