Nyongo ikivuja tumboni: wagonjwa wawili wa Matombo

Ukishika barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, ukapita Mkuyuni, unafika Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. (Kabla hujauliza: jina halihusiani na matumbo. Ni Kiluguru, maana yake matiti, kwa sababu ya miamba ya pale.) Huku kuna mikarafuu, minazi na mifenesi, kwa hiyo watu wanapanda miti. Na kuna mito inayoshuka kuelekea Ruvu, ambayo watu wanachota maji. Miti na maji vinatosha kutupa wagonjwa wawili wa kufikirika.

Wa kwanza ameanguka kutoka kwenye mkarafuu, ubavu wa kulia ukagonga tawi, na mfuko wa nyongo ukapasuka. Wa pili ana homa ya matumbo, taifodi, sasa wiki ya tatu, na utumbo wake umetoboka. Wote wawili wanavuja nyongo ndani ya tumbo. Nani yuko kwenye hatari kubwa zaidi usiku huo?

Tuanze na nyongo yenyewe. Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kazi yake ni kuvunjavunja mafuta ya chakula, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria ya pilau. Shida ni kwamba kuta za seli zetu nazo zimejengwa kwa mafuta. Ndani ya utumbo kuna ute unaokinga. Nje ya utumbo hakuna.

Huko nje kuna peritoniamu, ule utando mwembamba unaong'aa ambao umeuona kama umewahi kupasua mbuzi. Unafunika viungo vya tumbo na ukuta wa tumbo kwa ndani. Ukiukunjua wote unapata kama mita za mraba 1.7, karibu sawa na ngozi yako. Kwa kawaida ndani yake kuna majimaji kidogo tu ya kulainisha, chini ya mililita 100.

Sasa, nyongo ya mtu mwenye afya haina bakteria. Kwa hiyo kwa mgonjwa wetu wa mkarafuu inaunguza utando, seli zinakufa, na mwili unamwaga majimaji kuizimua. Anasikia maumivu, pengine hata kwenye bega la kulia, maana neva ya kiwambo cha chini ya mapafu inatokea shingoni pamoja na neva za bega, na ubongo unachanganya. Lakini anaweza kukaa siku kadhaa anatembea, anakula kidogo, tumbo linajaa taratibu, macho yanaanza unjano. Anaonekana kama anapona. Hapo ndipo wengi hudanganyika, na si wanakijiji peke yao.

Mgonjwa wa pili hana siku hizo. Bakteria wa taifodi hushambulia vijitezi vya kinga vilivyoko mwishoni mwa utumbo mwembamba, na ni pale pale ukuta unapolika hadi kutoboka. Bahati mbaya ya mahali: sehemu hiyo hiyo ndiyo mwili hunyonya upya chumvi za nyongo, na ndiyo sehemu ambayo bakteria wameshaanza kuwa wengi sana. Kinachovuja, basi, ni nyongo na bakteria kwa pamoja.

Na bakteria wa utumbo hawaiogopi nyongo, wameizoea. Waliopita maabara wanajua: agari ya MacConkey tunaiwekea chumvi za nyongo makusudi, ili bakteria wengine wengi washindwe kuota na hawa wa utumbo waendelee. Tumboni mambo ni hayo hayo. Nyongo inadhoofisha chembe nyeupe zinazotakiwa kuwameza bakteria, inapasua chembe nyekundu, na damu iliyopasuka inawapa bakteria madini ya chuma wanayoyataka.

Mwili haukai kimya. Pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, omenta, hukimbilia kuziba tundu. Vitundu vidogo kwenye kiwambo hufyonza majimaji machafu kuyapeleka kwenye limfu, na ndani ya dakika chache bakteria wamefika kwenye damu. Njia ile ile ya kusafisha ndiyo njia ya kusambaza!

Halafu fanya hesabu. Peritoniamu ikivimba milimita 1 tu, kwenye mita za mraba 1.7, hiyo ni lita 1.7 za maji yaliyotoka kwenye damu. Ongeza yanayojaa tumboni na ndani ya utumbo uliogoma kusukuma. Presha inashuka, mkojo unapungua, tumbo linakuwa gumu kama ubao. Na yule wa mkarafuu? Nyongo yake nayo haibaki safi milele. Bakteria wa utumbo wakimfikia, anakuwa mgonjwa wa pili.

Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari waliwahi kuchambua wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi. Karibu robo yao walifariki. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo yalikuwa kuchelewa kufika, kuchelewa kufanyiwa upasuaji, na uchafu mwingi ndani ya tumbo. Ukiwa Matombo wakati wa masika, hayo matatu ni kitu kimoja: muda wa kufika Morogoro mjini. Vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa vinaweza kutuliza kwa saa chache, na saa hizo ndizo zilizokuwa zinahitajika.

Upasuaji wenyewe si wa ajabu. Mgonjwa anaongezewa maji na antibayotiki kwanza, tumbo linafunguliwa, linaoshwa kwa lita kadhaa za maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe, tundu linashonwa. Mara nyingi ni tundu moja, na halifiki sentimita 1.