Matundu Manne Yanayobeba Vyombo Vyako

Rafu ya kabati la vyombo aghalabu hukaa juu ya pini nne ndogo, mbili kila ubavu. Juu ya pini hizo hupangwa sahani, bakuli na vikombe vilivyonunuliwa kidogo kidogo kwa jasho la mfanyakazi. Pini moja ikiwa chini ya nyingine kwa milimita 2 tu, mzigo hubebwa na tatu zilizobaki. Rafu hucheza kila iguswapo, tundu hulegea, na siku moja vyombo huwa sakafuni.

Kosa hili mara nyingi halitokani na mkono wa fundi, bali hutokana na namna anavyopima. Wapo wanaopima tundu la pili kutoka la kwanza, la tatu kutoka la pili, na kuendelea hivyo. Fundi akizidisha nusu milimita kila mara, tundu la kumi na moja litakuwa limehama milimita 5. Ubavu wa pili nao hautakosewa kwa kiasi kilekile.

Siku hizi baadhi ya karakana hutoboa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita CNC. Ubao hulazwa juu ya meza na kubanwa barabara, kisha ncha ya kutobolea hushuka wima mahali ilipoamriwa. Siri ya mashine hiyo ni kwamba kila tundu hupimwa kutoka kona moja ya ubao. Kosa dogo la tundu moja halirithiwi na la pili.

Vipimo vinavyotumika sana vilienea kutoka Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliyokwisha mwaka 1945. Tundu huwa na upana wa milimita 5. Kutoka kati ya tundu hadi kati ya jingine ni milimita 32. Na mstari wa mbele huwa milimita 37 kutoka ukingo wa ubao.

Hata hivyo, mashine hutii tu. Ubavu mmoja ukipimwa kutoka juu na wa pili kutoka chini, na mbao hizo zikitofautiana urefu, mashine itatoboa kosa hilo kwa usahihi mkubwa.

Je, fundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa mtaani kwako, asiye na mashine hiyo afanyeje? Na achukue kipande kinyofu cha mbao ngumu, apime matundu yote kutoka mwisho mmoja, ayatoboe kwa uangalifu, na mwisho huo auandike CHINI. Hicho ndicho kiolezo chake. Kwa kila mstari wa matundu, upande ulioandikwa CHINI ukae sawa na mwisho wa chini wa ubavu. Na kwa kuwa ubao wa kabati mara nyingi una unene wa milimita 18, aifunge ncha ya keekee utepe ili isizame ndani ya ubao zaidi ya milimita 10, asije akautoboa hadi upande wa pili. Atumie kiolezo hichohicho kwa mbavu zote mbili.

Nawe mnunuzi, kabla ya kulipa, hakikisha kabati limesimama imara. Panga pini, weka rafu, kisha bonyeza pembe zake nne moja baada ya nyingine. Ikicheza, ihamishie matundu mengine ujaribu tena. Ikiendelea kucheza, usikubali kipande cha karatasi kilichokunjwa chini yake kuwa dawa. Mwombe fundi atoboe upya kwa kiolezo. Fundi mwenye kuheshimu kazi yake hatakasirika, kwani kabati litakalodumu nyumbani kwako litamletea na jirani yako.